Nyuzi Thelathini na Saba

Betri ilikuwa imetolewa, iko chini sakafuni, na bado mashine ya kupimia ilikuwa inasoma gari. Joto la injini: nyuzi thelathini na saba.

Fundi akagusa injini. Baridi. Akachomoa waya, akachomeka tena. Thelathini na saba. Hilo si joto la injini, jamani. Hilo ni joto la mtu mwenye afya yake.

Mtaani walimwita Komputa, maana ni yeye tu aliyekuwa na mashine ile, na jina lenyewe lilimvimbisha kichwa. Shida ya jina kama hilo ni kwamba huwezi tena kusema "sijui". Na gari hili la kaka yake lilikuwa limemshinda. Linazimika njiani, likipumzika linawaka, na kila likizimika, ndani yumo mama yao wa kambo, aliyewalea wote wawili tangu wakiwa wadogo. Mashine haikuonyesha kosa lolote. Kaka alipomuuliza mbele ya wateja, "Komputa, vipi tena?", akaona haya, akasema lililomjia mdomoni.

"Kaka, gari ni zima. Ni jini. Na anamfuata Mama."

Alisema mara moja tu, ikatosha. Wiki haikuisha, mama akahamishiwa chumba cha kupanga, peke yake, na wajukuu, hata kichanga wa kaka, wakakatazwa kumkaribia.

Baadaye ndipo fundi alipougundua ugonjwa wenyewe. Sensa ya krenki, kijidude cha ukubwa wa kidole gumba, ndiyo huihesabia kontroli boksi, ubongo wa gari, mizunguko ya injini, ili boksi lijue lini lirushe mafuta na lini lipige cheche. Hii ilikuwa mbovu: ikipata moto inakufa, na boksi likikosa hesabu linazima kila kitu. Ikipoa, inafufuka. Safari za mama zilikuwa za hospitali, mbali. Za kaka ziliishia dukani. Basi! Hapakuwa na jini wala shemeji wa jini. Akabadilisha sensa kimyakimya, na mdomo akaufunga. Angeanzia wapi?

Tangu hapo gereji ikaanza kunuka nywele zilizoungua, na gari likarudia kuzimika, ingawa sensa ilikuwa mpya.

Sasa alisimama mbele ya kioo cha mashine, na namba za hewa inayoingia kwenye injini zikaanza kupanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na alipozuia pumzi asikilize, nazo zikasimama, na alipoitoa zikaendelea, na mzunguko wa injini, injini isiyo na betri, ukasoma sabini na mbili, ambao si mwendo wa injini yoyote duniani bali wa moyo, ukapanda tisini, ukapanda mia na ishirini, sawasawa na moyo uliokuwa ukimgonga yeye kifuani.

"Nani?" akanong'ona.

Redio ya gari, isiyo na umeme, ikamjibu kwa sauti yake mwenyewe: "Si uliniita?"

Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki.

Kaka akaleta mganga, mwanamke mmoja mcheshi aliyekuwa akitania watu njia nzima. Alipofika kwenye gari utani ukamwisha.

"Mama tumeshamtoa nyumbani, huyu bado anataka nini?" kaka akalalamika.

"Mama yenu msimtaje hapa. Hajaleta kitu," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu alimtaja jini huyu wakati hayupo, naye akaja. Atatoka tu endapo aliyemtaja atamkana mbele ya aliyesingiziwa. Nani alimtaja kwanza?"

"Mdogo wangu huyu," kaka akajibu kwa fahari, akimpiga fundi begani. "Bila yeye tusingejua."

Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Walikwenda wote kwa miguu, na harufu ile ikawafuata hadi mlangoni kwa mama. Mama alifungua kidogo, akabaki nyuma ya mlango.

"Semeni hapo hapo, wanangu. Msinisogelee."

Fundi akapiga magoti. "Mama, hapakuwa na jini. Ilikuwa sensa. Kazi ilinishinda, nikaona haya kusema sijui, nikakusingizia. Nimejua muda sasa, nimenyamaza. Nisamehe, Mama."

Harufu ikakatika. Mganga akashusha pumzi, akageuka, akaondoka bila kuaga.



"Mbona mimi nilimsikia?" mama akauliza. "Kila nikilala. Nikawa namwambia, nichukue mimi, watoto waache."

Machozi yakamdondoka fundi kwenye mikono iliyojaa grisi.

Mlango ukafunguka kidogo zaidi, na mama akamtazama kaka, si fundi.

"Kwa hiyo yule kichanga wenu," akasema, "naruhusiwa kumpakata?"