Viazi vya Mbegu Ndani ya Friji

Kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani yake, Mama Fundi huipangusa friji. Huipangusa juu, ubavuni, hata nyuma pasipoonwa na mtu.

Friji hiyo aliletewa na binti yake, muuguzi, kwa jasho lake mwenyewe. Mama Fundi hakujua amshukuru vipi. Basi akashukuru kwa vitendo. Kila kitu kizuri kilichoingia nyumbani kilikwenda kukaa ndani ya friji: maziwa, nyama, hata nyuzi za kushonea.

"Siku hizi naogopa kusinzia kwenye kiti," mumewe alisema. "Nitaamka nimepangwa karibu na maziwa."

"Usijipandishe cheo," mkewe akamjibu. "Humo vinaingia vitu vizuri tu."

Kitu kizuri kuliko vyote kilikuwa beseni la viazi vitamu, vyekundu nje na vya njano ndani. Mbegu yake aliachiwa na marehemu mama mkwe wake. "Mwanangu," mama huyo alimwambia, "usile vyote. Kila msimu bakiza vya kupanda." Hakuna mtu mwingine mtaani aliyekuwa na mbegu hiyo.

Miaka yote Mama Fundi aliviweka chini ya kitanda, na panya walijihudumia bila hodi. Safari hii aliamua kuvipa heshima. Alivipanga kwenye friji, rafu ya chini.

Mvua zilipokaribia, alivitoa. Vilikuwa vigumu na safi, kama vimechimbwa jana. Roho yake ikatulia. Akaviweka kwenye kona yenye joto ili vichipue.

Havikuchipua. Baada ya siku chache ngozi ilibonyea hapa na pale. Vingine vikaanza kutoa maji na harufu mbaya. Akachemsha kimoja kilichoonekana kizima. Nje kiliiva, lakini katikati kilibaki kigumu.

Mumewe alionja, akakirudisha kwenye sahani. Hakutania. Hapo ndipo Mama Fundi alipolia.

"Mama aliniamini mimi," alisema. "Sasa nimeiua mbegu yake."

Jirani yao, bibi shamba, yaani mtaalamu wa kilimo wa mtaa, alikuja kujaribu gauni lake siku hiyohiyo. Alikuta macho ya fundi yamevimba na beseni liko mlangoni. Akachukua kiazi kimoja, akakikata. Ndani kilikuwa na madoa ya kahawia.

"Hivi vilikaa kwenye baridi," alisema.

"Kwenye friji, dada. Mahali pazuri kuliko pote nyumbani."

"Kwa maziwa, ndiyo. Kwa kiazi kitamu, hapana. Una mafuta ya kupikia, ya maji na ya mgando?"

Mama Fundi alishangaa, lakini alileta yote mawili. Bibi shamba aliyapasha moto pamoja, akayamimina kwenye glasi. Yalichanganyika vizuri, yakawa kitu kimoja. Akaiweka glasi ndani ya friji.

"Sasa tujaribu gauni," alisema.

Gauni lilibana kiunoni. Fundi akafumua, akashona, akafumua tena. Walipomaliza, bibi shamba alitoa ile glasi. Chini kulikuwa na madonge meupe. Juu kulikuwa na mafuta yaliyobaki maji.

"Yameachana," alisema Mama Fundi.

"Ndiyo. Sasa sikiliza. Kiazi kimejengwa kwa vyumba vidogo mno, havionekani kwa macho. Tunaviita seli. Kila seli imefunikwa na utando mwembamba. Utando huo umejengwa hasa kwa mafuta, na si ya aina moja."

"Kama haya?"

"Siyo haya yenyewe, lakini tabia zinafanana. Kwenye joto la kawaida yanachanganyika, na utando unakuwa laini, hauna mwanya. Baridi ikizidi, mafuta mengine huganda mapema. Yanajikusanya upande wao, na yale laini yanabaki upande wao. Pale yanapopakana, utando unakuwa dhaifu na unavuja."

"Kama kitambaa kigumu kushonwa pamoja na kitambaa laini," alisema fundi. "Panapotatuka ni kwenye mshono."

"Hapohapo. Maji ya seli yanatoka, vitu visivyotakiwa kukutana vinakutana, na kuvu inapata mlango."

"Mbona kabichi na karoti hazikuharibika?"

"Utando wao una mafuta mengi yanayobaki laini kwenye baridi. Kiazi kitamu ni mmea wa joto. Ndizi na nyanya pia. Usizihukumu kwa sheria ya kabichi."

Mama Fundi alitikisa kichwa. "Nimeelewa. Lakini nimeelewa nikiwa nimechelewa."

Bibi shamba alivuka njia, akaingia kwake, akarudi amebeba ndoo ya mchanga mkavu. Aliingiza mkono, akatoa kiazi chekundu. Kilikuwa kimeanza kuchipua.

"Msimu uliopita ulinipa bakuli zima," alisema. "Nilikula, vingine nikavihifadhi. Ukivuna, chagua visivyo na jeraha. Vipange kwenye mchanga mkavu, visigusane, uvifunike, uviweke chumba kisicho na jua wala unyevu. Mvua zikikaribia, vitoe uvipande kwenye tuta, umwagilie, vitoe marando, yale mashina ya kukata na kupanda shambani."

Mama Fundi alikipokea kile kiazi kwa mikono miwili. Kwa gauni lile hakudai hata shilingi.

Wakati wa mavuno binti yake alikuja likizo. Alifungua friji, akakuta maziwa, nyama na kabichi tu.

"Mama, mbona vitu vimepungua? Huipendi?"

"Naipenda sana, mwanangu. Siku hizi naitumia ninavyotakiwa kuitumia."

Mezani palikuwa na viazi vilivyochemshwa. Baba alikata kimoja. Kilikuwa cha njano na laini mpaka katikati.

"Hiki kizuri," alisema. "Tukifiche kwenye friji."

Mama Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akabeba mfuko aliokuwa ameuweka kando, akaanza kuzunguka mtaani, nyumba kwa nyumba. Kwenye kila mlango aliacha viazi vya mbegu na maelezo ya mchanga. Watu walimshukuru, naye akawajibu wote jibu moja: "Mshukuruni mama mkwe wangu."