Machila Isiyokauka

Jioni ile nilikwenda kuanua machila kabla ya umande. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila siku, tangu nimzike mke wangu.

Machila ya kanisa letu pale Ihanda ilikuwa turubai nene lenye kamba, linaloning'inizwa kwenye mwanzi mrefu. Watu wawili hubeba, mmoja mbele, mmoja nyuma, na mgonjwa hulala katikati. Wakati wa Mwingereza hiyo ndiyo ilikuwa motokaa yetu. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa nusu siku.

Nieleze inavyotunzwa, maana uzembe umeua watu. Damu huoshwa kwa maji baridi, si ya moto. Turubai huanikwa upande huu, kisha upande wa pili, mpaka mishono iwe mikavu. Blanketi hupigwa jua peke yake. Jua likianza kuinama, unaanua. Turubai lililolala na umande huoza kwenye mshono, na mshono ukioza, mtu huanguka.

Mke wangu Tulinagwe alianguka.

Alikuwa na homa ya mapafu. Tulimlaza kwenye machila iliyolowa kwa sababu hatukuwa na nyingine, na tulipovuka kijito mshono ukaachia. Tulimwokota majini. Jioni haikumkuta.

Mtunzaji wa machila alikuwa Osea. Siku ya matanga nilimpiga kofi mbele ya watu. Mimi, mwalimu wa dini.

"Mwalimu, niliianika," alisema. "Mungu anaona. Niliianika."

Nikamwita mwongo. Nikamvua ufunguo wa stoo shingoni, nikauvaa mimi. Turubai nililishona upya kwa mkono wangu. Binti yangu Loisi alikuwa na mimba ya kwanza, nyonga zake nyembamba, na mkunga alishasema huyu hatazaa nyumbani, atabebwa. Niliapa kwamba atalala pakavu.

Jioni ile machila ilikuwa kavu kabisa. Niliinusa. Harufu ya jua na sabuni. Nikaitundika stooni, nikafunga kufuli.

Asubuhi nikafungua.

Ilikuwa inadondoka maji.

Kilikuwa kiangazi. Bati halikuvuja. Kufuli halikuguswa. Na turubai lilikuwa na tope. Udongo wetu wa Ihanda ni mwekundu, kila mtu anajua. Tope hili lilikuwa jeusi, linanuka magadi na samaki. Tope la bondeni, kule Msangano, mwendo wa siku mbili.

Nikafua. Nikaanika. Nikaanua. Asubuhi ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Nilijua ni Osea. Ana ufunguo mwingine, nikasema, ananilipiza kisasi kwa mwili wa mwanangu. Siku ya nne, jua lilipozama, niliingia stooni na fimbo, nikajifungia kwa ndani, nikaketi juu ya machila yenyewe. Nikaanza kusali Baba Yetu. Nilifika kwenye mkate wetu wa kila siku...

Nikaamka natembea.

Giza. Miguu ndani ya tope. Mwanzi begani. Nyuma yangu kitu kizito kinayumba... kinayumba... Na nyuma ya kitu hicho, pumzi za mtu.

"Badili bega," mtu akanong'ona.

Sikutaka. Mikono yangu ilibadili yenyewe.

"Osea? Ni wewe?"

"Usigeuke, Mwalimu. Akiona umechoka, atakasirika."

Kile kitu cha katikati kikakohoa.

Nilitaka kulitaja jina la Yesu. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Tulitembea. Sijui muda gani. Kisha jogoo akawika, mbali sana, nami nikajikuta stooni, komeo mahali pake, nimeketi juu ya turubai lililolowa chapachapa.

Sikunawa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Osea. Mkewe, Ferista, alikuwa anachochea moto uani.

"Mwamshe mumeo! Mwamshe huyo mchawi!"

"Habari za asubuhi na wewe, Mwalimu," Ferista akajibu bila kuinuka. "Mume wangu amekoroma usiku kucha mpaka mbuzi wamekosa usingizi. Ulimpiga msibani, leo umefuata kofi la pili?"

Osea akatokea mlangoni, anapiga miayo, shuka kiunoni.

"Tangu uninyang'anye ule ufunguo nalala vizuri," alisema. "Nakushukuru, Mwalimu."

"Tazama miguu yako."

Akatazama. Tope jeusi mpaka magotini.

Aliketi palepale kizingitini, akalia kama mtoto. Ferista akauacha ukuni mkononi unaungua.

"Ni yule mzee," Osea alisema mwishowe. "Yule wa Msangano."

Nilimkumbuka. Miaka mitatu nyuma, mzee mgeni alipanda kwetu kuuza samaki wakavu, akaugua. Tulimbeba mimi na Osea kumpeleka hospitali. Njiani akaona kwamba hafiki. Akaweka mkono juu ya Biblia yangu, akatuapisha: akifa, tumrudishe kwao. Nikasema ndiyo. Alikufa mchana. Mvua ilikuwa inakuja, na Msangano ni mbali. Tulimzika kando ya njia panda. Niliomba vizuri, kwa sauti. Kisha tukaiosha machila, tukarudi nyumbani kula.

"Anataka kwao," Osea akasema. "Nilidhani ni ndoto tu. Kila usiku tunamsogeza. Kukicha, bado."

"Na kwa ajili hiyo ameniulia mke? Kwa maji?"

"Usiseme kwa nguvu, Mwalimu."

Nilisema kwa nguvu zaidi. Majirani walitoka. Nilimtukana maiti mbele ya watu, na sitarudia hapa maneno niliyotumia.

Jirani yangu Priska alinikuta katikati ya matusi hayo. Alikuwa anakimbia.

"Baba Loisi! Uchungu umemshika tangu alfajiri. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Lete machila!"

Sikuigusa. Nilitoa kitanda changu cha kamba, kikavu, tukakining'iniza kwenye mwanzi mpya. Nilimfunika Loisi kwa blanketi langu. Osea alishika mbele, mimi nyuma. Priska na Ferista walitembea pembeni.

Binti yangu alikuwa mwepesi. Tulikwenda vizuri, jua linawaka, mpaka njia panda.

Hapo mwanzi ukapinda.

Goti la Osea likagusa ardhi.

"Baba..." Loisi akanong'ona. "Kuna mtu amelala hapa. Ameniegemea. Amelowa."

Nilitazama blanketi. Lilikuwa linadondoka.

Ningepaswa kusali. Mungu anisamehe, sikusali. Tulishusha kitanda chini. Mimi na Osea tukashikana mikono, tukaifanya kiti, tukamkalisha Loisi juu yake, naye akatushika shingo zetu mbili. Kisha nikageuka. Safari hii niligeuka.

"Mzee," nikasema, "nilikudanganya. Hilo nitalijibu mbele za Mungu. Lakini mke wangu hakukuapia. Binti yangu hakukuapia. Unataka kulala? Lala hapo!"

Kamba za kitanda zikalia, polepole, kama mtu anapogeukia upande wa pili.

Tulimfikisha Loisi kwa mikono. Alizaa kabla jua halijazama, mtoto wa kike, na wote wawili wazima. Machila niliichoma moto wiki ile, na wazee wa kanisa hawakuthubutu kuniuliza.

Siku ya pili tulirudi kuchukua kitanda, wanaume wanne. Hatukuweza kukiinua.

Mpaka leo kipo pale. Mchwa hawakigusi. Wapitao kwenda sokoni husema kamba zake zimelegea katikati, na hudondoka maji hata kiangazi. Husema pia kwamba kila mwaka kinakuwa mbele kidogo, hatua moja, hatua mbili, upande wa bondeni.

Mchungaji ameniita mara mbili. Anasema kiapo ni kiapo, niende nikakimalize, nami najua maandiko yako upande wake.

Siendi.