Mabati ya Motari na Mahekalu ya China

Ilikuwa siku ya soko Migori, na cyber, duka la intaneti, ilikuwa imejaa hadi mlangoni kwa sababu printa moja tu ndiyo ilifanya kazi. Ikatema picha ya hekalu la Kichina. Motari, muuza mabati na saruji aliyekuja kuchapisha kadi za harambee ya kanisa, akaidaka.

"Nani hapa anajenga paa kali hivi? Aje dukani tuongee!"

"Hiyo ni yangu, na sijengi," akajibu Valary, msichana wa Homa Bay, gauni la kitenge cha manjano limemkaa vizuri na miwani imemshuka puani. "Ni tasnifu yangu. Wasomi wa Ulaya na Marekani wanasema matajiri wa vijijini China ya kale walifadhili mahekalu ya Kibudha ili majina yao yachongwe kwenye mawe, waheshimiwe."

"Waa! Na watawa, walikula hayo mawe?"

Valary alicheka hadi akavua miwani. Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Jaber, mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula, mheshimiwa wa mabati. Na wewe?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Uongo mtamu huo! Ongeza."

Harambee ilipofika, Motari alitoa mabati ya kanisa zima. Jina lake likasomwa kwa kipaza sauti, akapigiwa makofi, Valary akampiga picha. Na hapo ndipo binti wa watu alipoharibu mambo kwa elimu yake mwenyewe.

Alipowasilisha utafiti wake mbele ya wasomi wenzake Homa Bay, Motari alikuja kimyakimya kumshangaza, suti mpya ya samawati, maua mkononi. Akajiona ukutani kwenye picha kubwa, akisalimiana na mchungaji siku ya harambee.

"Hata leo tunao watu kama hao," Valary alikuwa akieleza. "Mfanyabiashara mdogo, ananunua heshima."

Ukumbi ukacheka. Motari akayaacha maua kitini, akaondoka.

Valary aliyakuta, akapiga simu mbio. "Motari, nisamehe. Wasomi wanasema..."

"Walisoma mawe, Valary. Wenyewe walishakufa, hawangeulizwa. Mimi niko hai. Si ungeniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Kwa nini ulitoa hadharani?"

"Nilitoka Kisii nikiwa sijui mtu Migori, hawa wa kanisa wakanipokea. Nikiahidi mbele yao, siwezi kuwatoroka. Ndiyo hivyo tu." Akakata.

Valary alilia kwa aibu. Alimpenda mtu huyo kuliko tasnifu yote, na alikuwa amemgeuza ushahidi. Alijaribu kupiga tena, simu haikupokelewa.

Jumapili ya harambee iliyofuata, ya samani, aliingia kanisani Migori na gauni jekundu, nyuma yake vijana wamebeba viti vya kwaya. Mshereheshaji Nyabuto akampa kipaza sauti.

"Nimeleta viti," alisema. "Na nina ahadi, naitoa mbele yenu ili nisiweze kuitoroka. Nilimkosea Motari hadharani, naomba msamaha hadharani. Na nataka anioe. Akikataa, mtaniona nikilia hapahapa."

Motari akasimama polepole, uso mgumu, halafu ukashindwa kuwa mgumu.

"Mzee wa kanisa," alisema, "pokea viti. Huyu aliyevileta nitampokea mwenyewe."

Akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa, na Nyabuto akasahau kabisa kuwaita wafadhili waliobaki.