Kunguru wa Juu ya Paa

— Imefika?

— Imefika, mume wangu. Themanini na mbili. Kaza hapo hapo.

Bati likalia juu, krr, na namba ya nguvu ya mtandao kwenye kioo cha kompyuta ikaporomoka hadi kumi na moja.

— Imeshuka tena, alisema Chiriku, kichwa nje ya dirisha. Umegusa nini?

— Sijagusa kitu. Dishi hili lina kichaa.

Chiriku ni jina alilopewa na wenzake wodini enzi za ukunga wake, kwa sababu ya mdomo usiojua kutua. Mumewe watu walimwita Meneja, si kwa cheo, bali kwa kuwa hata kwenye shughuli za wenyewe yeye ndiye atakayepanga viti. Alimwoa, akamleta nyumba hii ya mwisho wa barabara ambako simu haishiki mpaka upande kilima, akamwambia apumzike. Akapumzika. Lakini mtu akipumzishwa mwaka mzima, hilo si pumziko tena, ni kifungo chenye mapazia.

Saa nne asubuhi hiyo hospitali ingemfanyia usaili kwa video. Walishamsubiri mara mbili, na mara mbili dishi likapoteza mtandao. Ya kwanza Meneja alisema ni upepo. Ya pili akasema ni kunguru, ametua akalisukuma. Hospitali wakamwandikia: "Hii ni nafasi yako ya mwisho."

— Zungusha kushoto kidogo, akasema Chiriku.

— Hivi?

— Arobaini. Sitini. Themanini na tano, usiguse tena.

Krr. Tisa.

Chiriku akanyamaza. Kwa mdomo ule, kunyamaza ni tukio. Alikuwa ameliona jambo: namba haianguki mpaka yeye aseme imefika. Kule juu Meneja haoni kioo. Macho yake ni sauti ya mkewe. Basi haukuwa upepo. Na kama alikuwa kunguru, kunguru huyo alivaa suruali.

Machozi yakamjia. Akayarudisha. Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane, angelia baadaye.

— Jaribu tena, mume wangu. Polepole.

— Hapa je?

— Ishirini, akasema, na kioo kinaonyesha hamsini.

— Na hapa?

— Kumi. Inazidi kufa.

Kioo: sabini na sita.

— Sasa?

— Sifuri. Kimya kabisa.

Kioo: tisini na moja.

Sauti ya Meneja ikashuka kutoka juu, laini, yenye huruma ya muuza majeneza.

— Basi, mke wangu. Mambo mengine si riziki. Ngoja nilikaze hivi hivi, tusije tukaliharibu zaidi.

— Likaze sana, lisitikisike.

Akalikaza kwa spana. Alikaza kwa moyo mmoja, masikini, kama anafunga mlango wa ghala. Chiriku akatoka nje, akaitoa ngazi ukutani, akailaza majanini.

— Chiriku? Mbona siioni ngazi?

— Ameichukua kunguru.

Akarudi ndani, akafuta uso, akabonyeza. Nyuso tatu zikatokea, safi kama zimekaa mezani kwake. Wakamuuliza habari za mama anayevuja damu baada ya kujifungua, akawajibu hatua kwa hatua, mikono ikizunguka hewani kana kwamba mgonjwa yuko pale. Dirisha lilikuwa wazi. Meneja, amechuchumaa kwenye bati la moto, alisikia kila neno, na hana pa kwenda.

— La mwisho, alisema muuguzi mkuu. Zamu za usiku ni ngumu, na mara mbili tumekukosa. Nyumbani mumeo anaafiki?

Chiriku akatazama dari. Sentensi moja tu ingetosha kummaliza.

— Yuko juu ya paa sasa hivi, juani, analinda dishi msije mkanikosa tena.

— Huyo mtunze, alisema muuguzi mkuu akicheka. Jumatatu tunakungoja.

Alipotoka nje, Meneja alikuwa amekumbatia magoti, jasho likimchuruzika.

— Umenisitiri, alisema.

— Nimejisitiri mimi. Ningewaambiaje kuwa nimeishi mwaka mzima na mtu nisiyemjua?

— Niliogopa. Ukitoka utaona watu. Utakuja kuniona mimi ni mtu wa kawaida tu.

— Hilo nililiona siku ya posa. Nikakubali hivyo hivyo.

Meneja akacheka kidogo, akaacha, maana mwenzake hakucheka.

— Ukienda, utarudi?

— Nyumbani mtu hurudi, Meneja. Gerezani hurudishwa. Sema wewe, hapa ni wapi?

Bati lilimchoma, akahamisha mguu, akahamisha mwingine.

— Nataka pawe nyumbani.

— Basi tupa spana.

Akaitazama mkononi mwake, kisha akaiachia. Ikaanguka majanini, Chiriku akaiokota na kuitia mfukoni mwa gauni. Ndipo alipoinua ngazi na kuiegemeza ukutani. Hakumwambia kama amemsamehe. Aliishika tu, kwa mikono miwili, asianguke.