Susu la Dicey

Asubuhi hiyo Verdell Gaskins alipofungua chumba cha watoto katika jumba la makumbusho, zamani nyumba ya bwana wa watumwa, alikuta shuka la susu limelowa. Akalinusa. Maziwa, tena yameanza kuchacha. Na mtoto wa mwisho kulala katika kitanda kile cha kubembea alikwisha kuzikwa zamani, mzee mwenye mvi.

Akalibadilisha, akaenda kupokea wageni. Kila kundi lilipofika pale, Verdell alilisukuma susu tupu kwa mguu, likalia kwi-kwi, naye akasema maneno aliyofundishwa na wakubwa: "Hapa mtumwa Dicey aliwanyonyesha watoto wa bwana, akawapenda kama wake." Wageni wanaokuja Karolina Kusini, Marekani, hupenda uongo mtamu; walitabasamu, wakapiga picha. Verdell alipokuwa mtoto, bibi yake alimchapa kwa mwiko huo wa kubembeza susu tupu, lakini bibi alikuwa kaburini na Verdell alihitaji kula.

Adhuhuri aliporudi nyumbani, mjukuu wake mchanga, Kezia, alikuwa amekataa ziwa.

"Mama, ameshiba," Jonelle, binti yake, alinong'ona, macho yamemvimba. "Tumbo limejaa, mwili unakwisha. Daktari haoni kitu. Na mimi sijamnyonyesha tangu juzi!"

Verdell akamwinamia mtoto. Midomoni mwake mlikuwa na povu jeupe, na harufu ilikuwa ile ile ya kule kazini. Kisha pembeni mwa chumba, pasipokuwa na susu wala bembea, kitu kikalia polepole: kwi-kwi. Verdell akatoka mbio.

Alimkimbilia Bi Ossie, mganga wa mizizi, ambaye mti wa uani kwake umevalishwa chupa za buluu za kunasia mizuka. Bi Ossie alimsikiliza, akatema tumbaku.

"We Verdell, una akili kweli? Susu tupu unalibembeza? Hiyo ndiyo kengele ya Dicey! Kila siku unamwita kazini, anakuja na maziwa yake, hakuti mtoto susuni. Sasa kakufuata kwako, anamnyonyesha mjukuu wako maziwa ya wafu."

"Nitamfukuzaje, Bi Ossie? Mtoto anakufa!"

"Nani kasema umfukuze? Kafukuzwa vya kutosha huyo. Mwachishe kazi."

Mchana ule ule, kule kazini, huku wageni wakipiga mayowe na mkuu wa makumbusho akimwita kichaa, huku harufu ya maziwa yaliyochacha ikijaa chumbani na susu likijibembeza lenyewe kwa kasi kana kwamba aliyelishika hataki kuliachia, Verdell aliinua shoka alilotoka nalo nyumbani akalipasua, pigo baada ya pigo, akilia: "Dicey, dada yangu, kazi imekwisha! Pumzika! Nenda kwa mwanao, yule aliyekufa njaa ukinyonyesha wa wenzio!"

Harufu ikakatika. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Jonelle. Verdell alisikia tu Kezia akilia kwa njaa, kisha akinyamaza, akinyonya.

Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, wala hakujali.

Majira ya machipuko alipita pale makumbusho, Kezia mzito mikononi. Dirishani aliona susu jipya, limechongwa mfano wa lile la zamani. Kando yake alisimama mwongozaji mpya, binti mwenye mimba kubwa, wageni wamemzunguka.

Verdell akagonga kioo kwa ngumi. "Usiliguse! Mwanangu, usiliguse!"

Binti akadhani anasalimiwa. Akampungia mkono, akatabasamu, akanyoosha mguu.