Maji Kiasi kwa Miti ya Daphrose

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Daphrose alifungua bomba la maji shambani kwake, kijijini Ndera. Maji yalipita kwenye mipira myembamba, yakadondoka chini ya kila mti wa parachichi. Yeye alizunguka akiisalimia miti hiyo kama watu.

Lakini mwaka huu majani yalianza kunyauka na kuwa ya manjano.

"Mama Cécile," mumewe Évode akamwambia, "hii miti yako isipozaa, tunaing'oa. Tunajenga nyumba za kupangisha."

Daphrose akaogopa sana. Akaongeza maji. Majani yakazidi kunyauka. Basi akampigia simu Umulisa, afisa kilimo.

Umulisa alikuja, akafungua picha kwenye simu yake.

"Picha hii imepigwa na setilaiti, chombo kinachozunguka dunia huko juu," alisema. "Inaonyesha rangi ya majani na joto lake. Mti unaokunywa vizuri unapoa, kama mtu anayetoka jasho. Tukiongeza habari za jua, upepo na mvua, tunakadiria miti inahitaji maji kiasi gani."

"Na yangu?"

"Iko na joto, mama. Hainywi."

"Basi iko na kiu! Niongeze maji?"

"Ngoja kwanza. Setilaiti haioni mizizi."

Umulisa akachimba kidogo. Udongo ulikuwa tope tupu, tena unanuka.

"Mizizi inaoza. Ikizama majini hivi, haiwezi kunywa. Wiki hii miti inataka maji asubuhi mbili tu. Wewe unafungua mara ngapi?"

"Kila asubuhi, mara moja tu."

"Hapana, mama. Hapa kuna maji mengi kuliko hayo."

Évode, aliyesimama pembeni, akakohoa.

"Na mimi nafungua jioni, nikitoka dukani," akasema polepole. "Naionea huruma."

"Yewe!" Daphrose akashangaa. "Wewe unayetaka kuing'oa?"

Daphrose alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe mzee naye aliipenda miti! Furaha ilimjaa.

Walichimba mifereji ya kutoa maji yaliyozidi. Kila Jumatatu Umulisa aliwatumia kipimo cha wiki kwa simu. Bomba likawa na mtu mmoja tu, Daphrose, naye aligusa udongo kwanza. Taratibu majani yakarudi kijani, na msimu uliofuata matawi yaliinama kwa matunda.

Siku moja fundi mwashi alifika.

"Baba Cécile, zile nyumba za kupangisha tunaanza lini?"

Évode akamtilia mkononi maparachichi mawili makubwa.

"Karibu, fundi. Mimi nijengee stoo ya avoka hizi."