Jina Lililomrudisha Nzisa

Syokau na mumewe, Maweu, walijaliwa binti mmoja tu, Nzisa. Wao waliishi Kitengela. Nzisa alikuwa muuguzi huko Botswana.

Kabla ya kuondoka, Nzisa aliwasaidia mama yake na wenzake wa kikundi cha kusuka vyondo kufungua tovuti. Wateja waliviona vyondo humo. Kikundi kikapata pia anwani ya barua pepe yenye jina la tovuti hiyo. Lakini Syokau hakuwaza wateja sana. Kila Jumamosi alienda saiba, duka la intaneti la mtaani, kusoma barua za mwanawe.

Kisha simu yake ikaibwa sokoni, na namba ya Nzisa ikaenda nayo. Alinunua simu nyingine na laini mpya.

"Barua si ziko?" alimwambia Maweu.

Jumamosi ilipofika, tovuti ilikataa kufunguka. Sanduku la barua nalo likakataa. Jumamosi iliyofuata, ikawa vilevile. Anwani ya Nzisa ilikuwa ndani ya sanduku hilohilo, na hakuna aliyeikariri.

Miezi ikapita. Syokau akipika muthokoi, mkono wake ulipakua wa watu watatu. Maweu aliiona ile sahani ya tatu, akaifunika.

Jirani yao Margaret alifanya kazi Nairobi, katika kampuni ya kuandikisha majina ya intaneti. Siku moja alikuja kuchukua kiondo.

"Mama Nzisa, siku hizi hata hucheki. Uko sawa?"

"Niko tu. Mtoto wangu yuko hai, lakini nimempoteza."

Akamweleza yote. Margaret akampeleka saiba pamoja na Maweu, akaandika jina la tovuti na kusoma kwa makini.

"Jina lenu limeisha muda," alisema.

"Limeisha aje? Si tulinunua?" Maweu aliuliza.

"Jina la intaneti hununui mara moja likawa lako milele, Baba Nzisa. Unaliandikisha kwa muda. Kabla ya muda kuisha, unaliandikisha upya. Majina ya nchi yetu huishia na .ke. Yote yanatunzwa katika sajili moja ya taifa, ili watu wawili wasipate jina moja. Kampuni kama yetu hupeleka maombi yenu huko."

"Na mbona hatukuambiwa?"

"Onyo lilitumwa kwa mwenye jina."

"Mwenye jina si sisi?" Syokau alishangaa.

Margaret akawaonyesha. Kwenye skrini palikuwa na jina la Githinji, fundi aliyewatengenezea tovuti.

"Mwizi!" Maweu alifoka.

"Pole pole. Wengi hufanya hivi bila ubaya, wamalize kazi haraka. Lakini niambie, ukinunua ploti hapa Kitengela, hati inaandikwa jina la nani? La fundi aliyejenga?"

"Langu!"

"Basi na hili ni hivyo."

"Mtu mwingine anaweza kulichukua?" Syokau aliuliza kwa sauti ndogo.

"Likiachiliwa, ndiyo. Sasa bado liko kwenye muda wa nyongeza. Lakini bila idhini ya Githinji, hatuwezi kubadilisha mwenye jina."

Waliulizia huku na huku. Githinji alikuwa amehamia Loitokitok. Maweu akasafiri, akamkuta akinyunyizia nyanya maji.

"Mzee, nisamehe," Githinji alisema, mikono kichwani. "Niliacha kazi, na ile barua pepe ya kazini nikaiacha huko. Sikujua onyo linaingia."

Akatoa idhini siku hiyohiyo.

Margaret aliliandikisha jina upya, safari hii kwa jina la kikundi. Akaweka anwani mbili za kupokea maonyo.

"Msiweke anwani inayotumia jina hilihili," aliwaonya. "Jina likizimika, onyo nalo halitafika."

Sanduku likafunguka. Barua za zamani zilikuwepo.

"Na zile alizotuma jina likiwa limezimika?"

"Hizo zilimrudia yeye, Mama Nzisa. Hazikufika hapa."

 Syokau akamwomba Margaret aandike: "Nzisa, ni mimi mama yako. Tuko. Andika."

Jumamosi iliyofuata, jibu lilikuwepo. Margaret akawasomea.

"Mama, barua zangu zote zilirudi. Simu yako haikushika. Usiku sikulala. Nilijifungua nikiwa peke yangu, nikikuita. Ni msichana. Nimempa jina lako. Mtazame."

Picha ikaanza kuteremka, mstari kwa mstari, kwa mwendo wa konokono. Zikaja nywele. Likaja paji la uso. Ikakwama.

"Intaneti imelala," Margaret alisema. "Mnaweza kurudi kesho."

Syokau alivuta kiti akaketi mbele ya kompyuta. Maweu akasimama nyuma yake, mkono begani mwake.

"Kesho ya nini?" Syokau alisema. "Huyu tutamngoja hapa."

Wakangoja. Macho yakatokea.